Breki za barabarani na za kiwanjani: uliza joto kwanza

Asubuhi moja, saa moja haijatimia, jirani yangu wa Mkomani alishuka na Impreza yake kuelekea foleni ya daraja la Nyali. Usiku wake alikuwa amerudi kutoka bara, alikokwenda na wenzake kuzungusha gari kwenye kiwanja cha mbio, na pedi za mbio, vile vibao vinavyoibana diski ya breki, alizofungiwa huko hakuzitoa. Foleni ikasimama. Akakanyaga breki kama alivyozoea, gari ikaendelea. Akakanyaga kwa miguu miwili, ikasimama, lakini ishaibusu tuktuk ya mbele. Hakuumia mtu. Mwenye tuktuk alipozwa kwa noti mbili na maneno mazuri, na jirani akaja gereji akifoka kwamba ameuziwa pedi feki.

Fundi aliinama, akasogeza mgongo wa kiganja karibu na diski, kisha akaigusa kabisa. Baridi kama chuma cha dirisha.

"Mwanangu, hizi si feki," alimwambia. "Hizi zimelala."

Nauza spea miaka mingi na sijasikia mtu akilieleza jambo hili kwa ufupi kuliko hivyo. Mteja akiingia dukani huuliza, "Una pedi kali?" Mwingine huanza na bei. Mwingine hutaja jina la kampuni alilolisikia kwa shemeji yake. Karibu hakuna anayeuliza joto, ilhali pedi inayouma vizuri ikiwa na digrii 500 inaweza kuwa butu ikiwa na 40, na ile inayokamata vizuri ukitoka nyumbani asubuhi inaweza kuyeyukia mbali kabla hujamaliza mzunguko wa nne kiwanjani. Kwa hivyo mimi humrudishia mteja swali: ukali wa wapi?

Birika la chai kila ukisimama

Gari inayokwenda imebeba nguvu. Ukifunga breki, nguvu ile haiendi popote ila inageuka joto pale pedi inapoibana diski. Chukua gari ya kilo 1,300 ikienda kilomita 100 kwa saa. Imebeba karibu kilojuli 500. Hizo zinatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba, birika la familia nzima, na breki imezipokea kwa sekunde nne hivi.

Halafu mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne. Gari ileile kwenye kilomita 50 kwa saa ina kilojuli 125 tu. Kwenye 160 ina kama 1,280. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha mjini mwaka mzima bila tatizo, kisha breki zikamgeuka kiwanjani ndani ya dakika kumi. Hazikuharibika njiani. Zimepewa kazi nyingine.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo, kama asilimia 70, huangukia magurudumu ya mbele, kwa kuwa gari ikifunga breki huinama na uzito wake kuhamia huko. Tuseme diski mbili za mbele zina kilo sita kila moja. Kusimama mara moja kutoka 100 kunazipandisha joto kama digrii 60. Kutoka Nyali hadi Buxton unafunga breki mara nyingi, lakini ni kwa mwendo wa 30 au 40, na katikati unakaa kwenye foleni ukimwangalia muuza njugu huku diski ikipoa. Kiwanjani unatoka 160 hadi 60 kuingia kona. Mkupuo mmoja huo ni digrii 140, na diski haijapata pumzi, kona nyingine hii hapa. Baada ya mizunguko michache diski za gari ya kawaida zinaweza kupita digrii 500.

Mombasa hatuna kiwanja cha mbio cha lami. Tuna mteremko. Tuseme umeshuka mita 300 kwa wima, kutoka milima ya Shimba kuja pwani: gari ile ya kilo 1,300 lazima imwage kilojuli 3,800, sawa na kusimama mara saba na nusu kutoka kilomita 100 kwa saa. Upepo hubeba sehemu, na injini hubeba sehemu nzuri ukiiweka gia ya chini. Ukiiacha gia ya otomatiki kwenye D na mguu juu ya breki, umezibebesha breki karibu mzigo wote. Harufu ya pedi iliyoungua nimeinusa zaidi kwa gari zilizoteremka Kwale zimejaa watu wa harusi kuliko kwa vijana wa mbio.

Na joto la Mombasa lenyewe? Watu hunililia kwamba huku jua ni kali, kwa hivyo wanahitaji breki za mbio. Tofauti ya hewa ya Mombasa na ya Nairobi ni digrii kumi hivi, na kwa diski inayofika 400 hizo ni makombo. Kinachotutesa sisi ni unyevu na chumvi, na hayo nitayafikia.

Tairi ndiyo mwamuzi

Kabla ya pedi, kuna jambo moja huwaudhi wateja wangu. Breki zako zikiwa na uwezo wa kufunga magurudumu mpaka ABS, ule mtambo unaozuia magurudumu yasikwame, ianze kugutuka chini ya mguu, basi kuweka diski kubwa au kalipa nyekundu ya pistoni nne, yaani lile koleo linalozisukuma pedi kwenye diski, hakutakusimamisha mapema zaidi kwa mkanyago huo mmoja. Kinachoshika barabara ni tairi. Breki kubwa hukusaidia kwenye mkanyago wa kumi na wa ishirini, kwa sababu ina chuma kingi cha kubeba joto.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani. Magari ya daraja la juu yanayokuja Naivasha kwa Safari Rally hutumia diski za milimita 300 kwenye barabara za udongo. Magari hayohayo yakienda mashindano ya lami yanaruhusiwa diski za hadi 370. Nguvu ya injini haikubadilika, dereva ni yuleyule. Kwenye vumbi tairi haina mshiko wa kuleta joto lote lile, na gurudumu dogo lenye tairi nene linafaa zaidi mawe. Kwa hivyo kijana anayetaka kukimbiza gari kwenye vumbi asije kwangu kuulizia diski za lami. Anunue tairi kwanza.

Diski zenyewe zilipata jina kwa sababu ya joto. Mwaka 1953, mwaka uleule Safari ilipoanza ikiitwa Coronation Safari, Jaguar C-Type ilishinda mbio za Le Mans, Ufaransa, ikiwa na breki za diski, wakati wengi bado walitumia dramu, breki zinazofanya kazi ndani ya ngoma ya chuma. Dramu hufungia joto ndani kama sufuria yenye kifuniko. Diski iko wazi, upepo unaipiga, na dereva wake anaweza kuchelewa kufunga breki mzunguko baada ya mzunguko.

Ndani ya pedi

Pedi ni mchanganyiko uliogandishwa kwa gundi na kubandikwa kwenye bamba la chuma. Gundi hiyo ndiyo mpaka wake. Ikipashwa kupita kiasi huanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi ile hukaa kati ya pedi na diski kama maji chini ya tairi. Unakanyaga, pedali ni ngumu kama jiwe, gari haishiki. Mafundi husema breki zimekufa. Zikipoa hurudi, lakini uso wa pedi mara nyingi unabaki unang'aa kama kioo na haukamati tena kama zamani.

Pedi za organiki zina nyuzi na unga laini, chuma kidogo au hakuna. Hazina kelele, haziili diski, zinashika vizuri tangu asubuhi, na zinachoka mapema: juu ya digrii 300 na kitu nyingi zimeanza kulegea. Gari nyingi zinazoshuka Kilindini kutoka Japani zimefungwa pedi za jamii hii, na kwa mwenye kwenda kazini na sokoni zinatosha kabisa. Seramiki ni ndugu zao waliosoma: vumbi lao ni jepesi, halichafui rimu, uimara wao ni zaidi kidogo. Neno seramiki limewadanganya wengi. Pedi ya seramiki ya dukani haina uhusiano na diski za kaboni na seramiki za magari ya mamilioni, na si pedi ya mbio.

Semi-metaliki zina chuma kingi, kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya uzito wake. Chuma hupitisha joto na kustahimili, kwa hivyo pedi hizi huvumilia mteremko, mizigo na dereva mwenye haraka. Gharama yake ni mlio, vumbi jeusi, na diski kuliwa upesi zaidi. Matatu ninazoziuzia spea hazitaki nyingine.

Halafu kuna pedi za kiwanjani hasa. Kazi yake huanzia kwenye digrii 150 au 200 na kuendelea hadi 600, 700, nyingine zaidi. Chini ya hapo zinasugua diski kama tupa, zinapiga kelele ya treni, na kushika hazishiki kama unavyotarajia. Vumbi lake lina chembe za chuma zinazotua kwenye rimu zikiwa moto. Hewa yetu ya chumvi ikizikuta, kufikia asubuhi rimu nyeupe imekuwa na madoa ya kutu. Hizo ndizo jirani yangu alizokuja nazo kwenye foleni ya Nyali.

Ukitaka kujua unachonunua, geuza pedi utazame ubavuni. Nyingi zina maandishi yanayomalizikia kwa herufi mbili, kwa mfano FF, GG au EF. Ni kipimo cha mshiko kilichowekwa Marekani. Herufi ya kwanza ni mshiko wa pedi katika joto la kawaida, ya pili ni mshiko ikiwa moto. E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hivyo EF inashika vizuri zaidi ikipata moto, na GE inalegea. Kwa gari ya kawaida mimi napenda kuona FF: haibadiliki sana. Lakini usiiabudu herufi. Kipimo kile hufanywa kwa kipande cha inchi moja mraba, joto lake la juu ni digrii 343, na hakikuambii lolote kuhusu 500. Pia hakikuambii pedi itadumu muda gani.

Alama nyingine ya maana ni herufi E ndani ya duara na, kando yake, 90R. Hiyo ni kanuni ya Ulaya ya pedi za kubadilishia, na inataka pedi isitofautiane na ile ya asili ya gari kwa zaidi ya asilimia 15. Ni hakikisho zuri la barabarani. Pedi nyingi za mbio hazina alama hiyo, na hazikuundwa kuipata.

Sasa, mwenye gari moja ya kwendea kazini na kiwanjani afanye nini? Wengi hutaka pedi moja ya kazi zote mbili. Zipo pedi za kati, zinazoamka mapema na kuvumilia hadi kama 500. Kwa mtu anayekwenda kiwanjani mara mbili kwa mwaka, na gari yenye tairi za kawaida na injini isiyoguswa, hiyo ndiyo shauri langu, akubali vumbi na mlio kidogo. Mwenye tairi za mbio na injini iliyoongezwa nguvu sina pedi moja ya kumwuzia. Huyo anunue seti mbili. Kubadilisha pedi za mbele ni jeki, spana ya gurudumu, na mara nyingi spana ya 14. Fundi asiye na maneno mengi anamaliza ndani ya saa moja.

Kuna kosa moja la hatari hapa. Usifunge pedi kali nyuma ukaacha za kawaida mbele kwa sababu za nyuma zilipatikana kwa bei ya kutupa. Magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya mbele, gari huzunguka. Weka jamii moja kote, au za nyuma ziwe pole kidogo kuliko za mbele.

Matundu, mifereji na chuma kitupu

Diski nyingi ni chuma cha kusubu. Za mbele huwa na pengo katikati lenye mbavu, na zikizunguka hufyonza hewa ndani na kuitupa nje. Za nyuma kwenye gari ndogo huwa bamba moja tu, maana kazi yao ni ndogo. Yote hayo hayaonekani, kwa hivyo hayauzi. Kinachouza ni matundu.

Diski yenye matundu ilizaliwa zamani, pedi zilipokuwa zikitoa gesi nyingi, ili gesi ipate pa kutokea. Leo faida yake ni ndogo: kuondoa maji haraka wakati wa masika, uzito kupungua kidogo, na kupendeza nyuma ya rimu. Hasara yake ni kwamba kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na chuma ndicho kinachobeba joto. Tena kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Diski zikipanda hadi 600 na kushuka, mara kwa mara, nyufa ndogo huanza tunduni na kutafutana. Porsche hutoa magari yenye diski za matundu kiwandani, ni kweli, lakini diski zile ni kubwa na zimeundwa hivyo tangu mwanzo. Diski ya bei nafuu iliyotobolewa kwa drili baada ya kutengenezwa ni kitu kingine. Siiweki dukani.

Diski yenye mifereji ya mshazari ina nafuu zaidi kiwanjani. Mifereji hukwangua uso wa pedi, hutoa vumbi na gesi, na ufa haupati tundu la kuanzia. Hula pedi upesi na hutoa sauti ya mvumo ukifunga breki kwa mwendo mkubwa. Kwa mtu wa nyumba na ofisi sioni anachonunua hapo.

Shauri langu kwa wengi, wakiwemo wale wa kiwanjani mara mojamoja, ni diski tupu ya chuma kizuri, mpya, yenye unene kamili. Kwenye diski, mara nyingi kwenye kofia yake au ukingoni, pamechongwa unene wa mwisho unaoruhusiwa. Diski iliyotoka kiwandani na milimita 22 mwisho wake huwa karibu na 20. Milimita mbili tu, ndiyo. Hizo ndizo zinazomalizika mtu anapokimbilia kuskimu, yaani kukereza diski kwa mashine, kila mara breki zikitetemesha usukani. Diski iliyokerezwa mara mbili ni nyepesi, inapata moto upesi, na siku moja itapasuka. Diski za eks-Japani si mbaya zote, ila nenda na kipimo mkononi, usipime kwa jicho. Pedi zilizokwisha kutumika usinunue hata kwa shilingi mia.

Kwa kiwanjani ongeza kanuni hii: usiingie na pedi iliyobaki chini ya nusu. Pedi nene ni kizuizi cha joto. Ikibaki nyembamba, moto unapita moja kwa moja hadi kwenye pistoni, na kutoka pistoni hadi kwenye mafuta.

Mafuta, ugonjwa wetu wa pwani

Nilisema pedi ikishindwa na joto pedali inabaki ngumu. Kuna kifo kingine cha breki ambacho ni kinyume chake: pedali inazama hadi sakafuni, laini kama sponji. Hapo si pedi. Mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, na mvuke unabonyea badala ya kusukuma pistoni. Dereva anayeijua tofauti hiyo hatapoteza pesa kununua pedi mpya kwa tatizo la mafuta, na nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Mafuta ya breki ya kawaida hunywa maji kutoka hewani, hata kupitia mipira ya mabomba. Madaraja yake huandikwa DOT na namba kwenye chupa. Yakiwa mapya na makavu, DOT 3 huchemka kuanzia digrii 205. Yakishakunywa maji kufikia asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 yakiwa makavu na 155 yakiwa na maji, DOT 5.1 ni 260 na 180. Angalia vizuri namba hizo: DOT 5.1 yaliyolowa ni mabaya kuliko DOT 3 mapya. Anayejisifu kwa mafuta ya bei aliyoweka miaka minne iliyopita ana chupa nzuri na kumbukumbu mbaya.

Mji wetu ni unyevu mwaka mzima. Shati huota ukungu kabatini. Kwa hivyo ile desturi ya kubadilisha mafuta ya breki kila miaka miwili, mimi kwa Mombasa naiona ndiyo mwisho, na kwa mwenda kiwanjani ni kabla ya kila safari. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa rafuni wiki kadhaa mpe fundi alainishie nati zilizoshika kutu, usiitie kwenye tanki la mafuta ya breki. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zinaweza kuchanganyika. DOT 5 bila hiyo nukta moja ni silikoni na haichanganyiki na hizo. Na yakidondoka kwenye bodi, mwagia maji hapohapo, maana yanakula rangi.

"Diski imebendi"

Hii ndiyo kesi ninayoletewa zaidi. Ukifunga breki kwenye kilomita 80, usukani unatetemeka. Hukumu ya mtaani ni kwamba diski imebendi kwa joto, au imepigwa na maji ikiwa moto. Mara nyingi diski haikupinda. Kilichotokea ni kwamba unene wake haulingani tena: mahali fulani kuna utando wa pedi ulioganda, au pameliwa zaidi. Tofauti ya milimita 0.02 inatosha kuutikisa usukani, na jicho haliioni.

Utando huo haukuja kwa bahati mbaya. Pedi ikifanya kazi vizuri huacha tabaka jembamba sana la vitu vyake kwenye diski, na pedi hushikana na tabaka hilo kuliko inavyosugua chuma chenyewe. Ndiyo sababu pedi mpya lazima izoeshwe. Tafuta barabara tulivu alfajiri, siku ya Jumapili kwa mfano, hakikisha hakuna aliye nyuma yako. Toka kilomita 80 hadi 20 kwa breki ya nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, kisha ongeza mwendo tena. Rudia mara nane au kumi. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki sana ili zipoe. Ukisimama na mguu umekandamiza wakati pedi ni moto, unapiga mhuri wa pedi kwenye diski, na mhuri huo ndio utakaoutikisa usukani wiki ijayo. Kiwanjani ni hivyohivyo: zungusha mzunguko wa mwisho polepole, na ukiegesha usivute hendibreki.

Kwa wenye seti mbili, jueni kwamba tabaka la pedi moja halipatani na la nyingine. Ukibadilisha, piga diski msasa kidogo na uzoeshe upya. Mwenye uwezo huwa na seti mbili za diski pia.

Chanzo cha pili ni kutu, na hapa pwani yetu inaongoza. Fundi anatoa diski ya zamani, anaweka mpya juu ya habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu, iliyovimba kutu. Punje isiyozidi nywele pale katikati inakuwa pengo mara mbili kule ukingoni, diski inayumba kila mzunguko, inagonga pedi mahali palepale, na baada ya kilomita elfu chache pameliwa. Mteja anarudi akilalamika kwamba diski mpya zimebendi. Brashi ya waya na dakika tano vingemwokoa. Simameni karibu na fundi wakati huo, na muulizeni kwa heshima, "Fundi, habu tumeipiga brashi?"

Gari zilizokaa wiki kadhaa melini na yadini hufika na alama ya pedi iliyochorwa kwa kutu kwenye kila diski. Nyingi husafika kwa siku mbili tatu za kufunga breki za kawaida. Zinazobaki na mashimo ni za kubadilisha. Na hata gari yako iliyolala nje karibu na bahari, Bamburi au Shanzu, mkanyago wake wa kwanza asubuhi ni wa kukwangua kutu. Jaribu breki kabla hujatoka getini.

Jirani yangu sasa ana pedi zake ndani ya kopo la biskuti, amebandika karatasi yenye kalamu nyekundu: BARA. Za nyumbani ziko kwenye gari. Mafuta amebadilisha, habu zimepigwa brashi, na tuktuk ile sasa wanapungiana mikono. Wiki iliyopita alikuja gereji na picha kwenye simu, diski za matundu, kofia ya dhahabu, akamuuliza fundi kama zitaongeza spidi. Fundi aliweka spana chini, akajipangusa mikono, akaenda kumtafuta muuza kahawa.